Opera kwenye sinema: wanayosema watu na ukweli wenyewe

Msimu mpya wa Metropolitan Opera, jumba la opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) la New York, tunaiita Met tu, unafunguliwa Septemba 21, 2025, halafu kuanzia Oktoba 18 wanarusha laivu kwenye kumbi za sinema, opera nane mpaka mwisho wa Mei 2026. Mimi nipo Minnesota na Jumamosi zote hizo nimeshaziwekea alama kwenye kalenda. Ila kila nikigusia kwenye grupu la familia narudishiwa maneno yale yale, nikaona niyajibu yote hapa.

"Utaelewa nini na Kitaliano chao?" Hili ndo naulizwa kuliko yote. Kwanza si Kitaliano peke yake, msimu huu Arabella na Tristan und Isolde ni Kijerumani, Eugene Onegin ni Kirusi, na ile ya kufungia Mei 30, El Último Sueño de Frida y Diego, ni Kihispania. Mwaka 2019 walirusha Akhnaten, ya yule Farao, mle kuna mpaka Kimisri cha kale. Pili, hata Mtaliano mwenyewe hashiki kila neno, soprano, mwanamke mwenye sauti ya juu, akipanda juu kabisa maneno yanamezwa na sauti. Ndo maana sinema wanapitisha maneno chini ya skrini, na pale Met kwenyewe tangu 1995 kila mtu ana kiskrini chake kwenye mgongo wa kiti cha mbele. Mi nakushauri usome hadithi nzima kabla hujaenda, mpaka anayekufa umjue, haiharibu kitu, inakupa nafasi ya kusikiliza.

"Si wana maiki kama wasanii wengine?" Hapana jamani, na hapa niacheni niongee. Ukumbi wa Met una viti kama 3,800, okestra nzima ipo kwenye shimo mbele ya jukwaa inapiga kwa nguvu zake zote, na mtu mmoja anasimama anaimba bila maiki na aliyekaa juu kabisa anamsikia. Si kupiga kelele, ukipiga kelele baada ya dakika kumi umekauka koo. Ni mafunzo ya miaka, wanajifunza kupumua na kuipanga koo na mdomo mpaka sauti, hasa ya wanaume, inapata nguvu kwenye mitetemo kama 3,000 kwa sekunde, na hapo ndipo okestra inakuwa dhaifu na sikio la binadamu linakuwa kali. Sauti inapita kwenye huo mwanya. Ndo kitu kilichonifanya niipende opera, kwamba ni mwili wa mtu tu.

Sasa kwenye sinema maiki zipo, lazima zinase sauti ili irushwe, na nawaambia ukweli kuna kitu kinapotea. Spika zinamsawazisha mwenye sauti kubwa na mwenye sauti ndogo. Lise Davidsen wa Norway, atakayeimba Isolde mwezi Machi, ana sauti kubwa mno na kwenye spika hutaujua ukubwa wake wote. Ila unachopata badala yake aliyekaa ukumbini hana, unaona jasho, unaona macho, na wakati wa mapumziko kamera inaingia nyuma ya jukwaa mafundi wanabadilisha seti na mwimbaji anahojiwa bado anahema.

"Hiyo ni rekodi, si laivu." Ni laivu, kwa setilaiti, onyesho lile lile la Jumamosi mchana, walianza Desemba 30, 2006 na The Magic Flute ya Mozart iliyofupishwa kwa Kiingereza. Redioni wapo tangu 1931. Kumbi nyingine huwa zinarudia siku za baadaye, labda ndo panapochanganya watu. Na kwa wanaopiga hesabu kwa saa za nyumbani angalieni hapa: saa saba mchana ya New York Oktoba 18 ni saa mbili usiku Afrika Mashariki, lakini Novemba 8 ni saa tatu usiku, Wamarekani watakuwa washarudisha saa zao nyuma.

"Ni mambo ya wazungu matajiri." Tiketi za mbele ni ghali, sikatai, ila kuna za dola 25 zinazotolewa siku ya onyesho, na hakuna anayekagua umevaa nini, sinema ndo kabisa unaingia na bisi zako. Kuhusu rangi, historia inauma: Met ilianza 1883 na mwimbaji mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya kuigiza, Marian Anderson, alisubiriwa mpaka 1955. Opera ya kwanza ya mtunzi mweusi kupigwa Met, ya Terence Blanchard, ilikuwa 2021. Lakini Januari 10 Lawrence Brownlee, Mmarekani mweusi, tenori yaani mwanaume wa sauti ya juu, yupo kwenye I Puritani. Na Pretty Yende wa Afrika Kusini, aliyeimba Met mara nyingi, alikutana na opera akiwa msichana kwenye tangazo la ndege la TV, akamwuliza mwalimu wake ule ni muziki gani.

Kwamba ni vitu vya wafu? Hiyo ya Frida imetoka 2022 na mtunzi wake, Gabriela Lena Frank, yu hai.

Kama hujawahi kabisa usianze na Tristan, ukijumlisha na mapumziko ni kama masaa matano. Anza na La Bohème, Novemba 8. Vijana maskini wa Paris, baridi, kodi ya nyumba hawana, msichana anagonga mlango mshumaa wake umezimika, ufunguo unaanguka, kwenye giza mkono wa kijana unagusa mkono wake umepoa kama barafu. Msichana ana kifua kikuu. Mwishoni wote chumbani wanajua ameshakata roho isipokuwa yule kijana, Rodolfo, anawaangalia, anauliza mbona mnaniangalia hivyo, halafu anaelewa. Analiita jina la msichana mara mbili, na jina lenyewe ni Mimì, kwa hiyo sisi tuliokulia Kiswahili tunamsikia mtu ameshika maiti analia, mimi, mimi.