Wanawake wa magharibi ya Marekani: yanayosemwa na yaliyokuwa

Picha iliyozoeleka ni ya mke wa mlowezi ameketi ndani ya gari la maksai, kofia ya kitambaa kichwani, akingoja mumewe amfikishe. Nyaraka za karne ya 19 zinamwonyesha mtu mwingine kabisa.

Dhana: Ardhi ilikuwa ya wanaume tu

Sheria ya Homestead ya 1862 ilimruhusu mkuu wa kaya, au yeyote aliyetimiza miaka 21, kuomba ekari 160 za serikali. Mwanamke asiyeolewa, mjane na aliyeachika walikuwemo. Aliyeolewa ndiye aliyefungiwa mlango, kwa kuwa mkuu wa kaya alihesabiwa mume.

Aliyeomba aliandikisha shamba kwenye ofisi ya ardhi, akalipa ada za kama dola 18 kwa jumla, akajenga nyumba, akalima na kuishi hapo miaka 5, kisha akaleta mashahidi 2 waape kwamba ametimiza masharti. Sharti la kuishi ndilo lililowakwamisha wengi: ukilihama shamba kwa zaidi ya miezi 6, linarudi serikalini. Mwanamke aliyekwenda mjini kufundisha au kufua nguo ili apate fedha za mbegu alilazimika kuhesabu siku zake kwa uangalifu. Mume akifariki kabla ya miaka 5 kutimia, mjane aliweza kuendelea na dai hilo na kupata hati.

Tusisahau kwamba ardhi hiyo ilinyang'anywa mataifa ya wenyeji asilia.

Dhana: Walisafiri wamekaa garini

Walitembea, wengi wao karibu njia nzima. Safari ya kwenda Oregon, kwenye pwani ya magharibi, ilikuwa kama kilomita 3,200, miezi 4 hadi 6. Gari lilikuwa na urefu wa mita 3 hivi na upana wa mita 1.2, halina springi, na limejaa unga na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Kipindupindu kiliua wasafiri wengi kuliko mishale.

Dhana: Kazi za nyumbani zilikuwa nyepesi

Chukua sabuni peke yake. Majivu ya kuni ngumu yalijazwa kwenye pipa lenye nyasi kavu chini, yakamwagiwa maji ya mvua kidogo kidogo, hadi maji ya kahawia yakadondoka. Yai liliwekwa humo: likielea na sehemu ya ukubwa wa sarafu kubaki juu, maji yamekolea. Yakiwa hafifu, mafuta hayageuki sabuni. Yakizidi ukali, sabuni inachubua mikono. Baada ya hapo yalichemshwa pamoja na mafuta ya wanyama kwa saa nyingi huku yakikorogwa. Kilichopatikana kilikuwa laini kama uji mzito. Aliyetaka mche mgumu aliongeza chumvi.

Dhana: Wote walikuwa Wazungu

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Miongoni mwa Walakota, mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia, hema lilikuwa mali ya mwanamke: yeye ndiye aliyelainisha ngozi za nyati, akazishona, akalisimamisha na kulibomoa. Kando ya mto Missouri, wanawake wa Hidatsa, taifa jingine la wenyeji asilia, walilima mahindi, maharage na maboga kwa majembe ya mfupa wa bega la nyati, muda mrefu kabla ya walowezi. Huko Cascade, Montana, Mary Fields, aliyezaliwa utumwani, alipata mkataba wa kusafirisha barua mwaka 1895, umri wake ukiwa umepita miaka 60, na akaufanyia kazi hadi 1903.

Dhana: Magharibi ilichelewa kuwapa kura

Wyoming iliwapa tarehe 10 Desemba 1869, na mwaka uliofuata Louisa Swain akapiga kura Laramie, huku Esther Morris akiwa tayari ni hakimu South Pass City. Utah iliwapa mwaka 1870. Bunge la Marekani likawanyang'anya 1887, wakaipata tena 1896. Kwa mwanamke wa Kilakota mambo yalikuwa mengine: wenyeji asilia wote walitambuliwa kuwa raia mwaka 1924 tu, na hata baada ya hapo baadhi ya majimbo yaliendelea kuwazuia kupiga kura.