Michoro ya vidole na ugonjwa wa moyo: uhusiano uko wapi?

Peleka kidole gumba kwenye mwanga, uitazame ncha yake. Mistari ikiingia kwa upande mmoja, ikapinda na kutokea upande uleule, hicho ni kitanzi. Ikijizungusha, ni duara. Ikipita toka upande huu hadi ule huku imepanda kidogo katikati, ni tao. Ukitatizika, tafuta kipembetatu, pale mistari ya pande tatu inapokutana: tao la kawaida halina, kitanzi kina kimoja, duara lina viwili. Vitanzi ni zaidi ya nusu ya vidole vyote, maduara karibu theluthi, matao machache sana.

Elimu ya michoro hii ni dematoglifia, jina walilolitunga Harold Cummins na Charles Midlo wa Marekani mwaka 1926. Polisi wanataka alama zako wajue wewe ni nani. Dematoglifia inauliza jingine: ulipokuwa tumboni, mambo yalikwendaje?

Na swali hilo si ramli. Mimba ikiwa changa, ncha za vidole vya mtoto huwa na vivimbe ambavyo baadaye hunywea. Mistari huanza kujichora karibu na wiki ya 10, na kufikia wiki ya 17 hivi mchoro umeshakaa. Ikikuta kivimbe bado kimetuna, huelekea kuwa duara. Ikikuta kimeshanywea, tao. Urithi nao una sehemu yake kubwa. Baada ya hapo unakua, unazeeka, mchoro ni uleule.

Moyo umeingiaje? Mwaka 1989 mtafiti wa magonjwa David Barker wa Southampton, Uingereza, alionyesha kuwa wanaume wa Hertfordshire waliokuwa na uzito mdogo utotoni walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka 1993 yeye na wenzake wakachunguza watu waliozaliwa Preston. Wenye duara, hata kwenye kidole kimoja, kwa wastani walikuwa na presha ya juu kuliko wasio nalo. Walivyoeleza, kilichovuruga ukuaji tumboni huenda kiliacha vidole vimetuna, na kikagusa pia mfumo wa damu.

Hapo ndipo wengi huteleza. Duara halipandishi presha. Yote mawili huenda yana chanzo kimoja. Tena huo ni wastani wa kundi dogo, na watu wengi tu, wazima kabisa, wana duara angalau moja. Anayekutoza pesa asome moyo wako kwenye kidole anakuibia, maana presha yenyewe hupimwa mkononi kwa dakika chache, na 140/90 ikijirudia, daktari ana pa kuanzia.

Uhusiano ulio wazi zaidi uko kwa watoto wenye ugonjwa wa Down, yaani waliozaliwa na kromosomu (kibeba urithi ndani ya seli) moja ya ziada. Wengi wao wana vitanzi karibu vidole vyote, na wengine mstari mmoja unaokata kiganja kizima. Karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Mstari huo wanao pia watu wasio na tatizo lolote. Kwa hiyo mkunga akiuona hautegemei peke yake: anatazama macho, shingo, ulegevu wa misuli, na dalili zikikubaliana mtoto anapelekwa kupimwa kromosomu na kupigwa altrasaundi ya moyo.