Chai ya asubuhi yenye protini: yanayosemwa Tanga na yaliyo kweli

Hapa Tanga mtu hakuulizi kama umekula asubuhi, anakuuliza kama umekunywa chai. Jina la mlo limeshakata shauri: mkubwa ni chai, vingine vyote ni vitafunwa vya kuisindikiza. Ndiyo maana sinia letu la asubuhi, nyumbani Makorora, miaka yote lilikuwa na mahamri, vitumbua, mkate au mihogo. Protini ikibahatika, ilikuja kwenye kibakuli kidogo pembeni.

Nilianza kulibadilisha sinia hilo baada ya mama mkwe wangu, tunayeishi naye, kuambiwa hospitali kuwa sukari yake imepanda na apunguze wanga. Tuko sita, na kila mmoja ana lake. Mume wangu hataki kusikia shombo kabla ya adhuhuri. Binti wa kati hali chochote chenye vijani. Mdogo, mwenye miaka 5, anakataa chakula kilichogusana na mchuzi. Katika kuhangaika nao nimeambiwa mengi, na majirani, na wauzaji pale soko la Mgandini, na ndugu zangu wenyewe. Haya ndiyo niliyoyaamini au niliyokaribia kuyaamini, na nilichokuja kukijua baadaye.

“Wanga uko kwenye ngano na sukari. Chakula cha shambani hakina.”

Hili lilitupotezea muda kuliko yote. Wiki ya kwanza niliondoa mkate na mahamri, nikaweka mihogo ya kuchemsha, nikajiona nimemaliza kazi. Mama mkwe akapima sukari zilipopita saa mbili tangu anywe chai, kipimo kikawa kulekule juu. Gramu 100 za muhogo zina takribani gramu 38 za wanga, na protini isiyofika gramu 2. Kiazi kitamu cha kuchemsha kina nafuu kidogo, kama gramu 18 hadi 20 za wanga, lakini protini yake ni hiyohiyo ya kuhesabia vidole. Ndizi za kupika na magimbi ni ukoo mmoja na hivyo. Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi na virutubisho vilivyobaki kwenye kiini na pumba, ila wanga wake unakaribiana sana na wa sembe. Mkate wa rangi ya kahawia ni hivyohivyo. Kuwa cha asili ni sifa nzuri, lakini hakukipunguzii chakula wanga.

Na wakati tunahesabu mihogo, tulisahau kikombe. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hadi 5. Mtu wa vijiko vitatu, vikombe viwili, ameshakunywa kama gramu 27 kabla hajatafuna kitu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana nusu ya hapo. Kwetu ilibidi tushuke kijiko kimojakimoja. Hiliki na tangawizi vilisaidia sana kufunika pengo.

“Mbaazi ni protini tupu, kula upendavyo.”

Nusu ya kweli, na hiyo nusu ina thamani kubwa kwetu watu wa pwani. Gramu 100 za mbaazi zilizochemshwa zina karibu gramu 7 za protini na 23 za wanga. Katika hizo 23, karibu 7 ni nyuzinyuzi, ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari. Chapati ya uzito huohuo kwa kawaida huvuka gramu 40 za wanga. Kwa hiyo mbaazi zina wanga, ila ni mchache kuliko wa ngano, unaingia mwilini polepole, na unakuja na protini yake mkononi. Choroko na kunde ziko hapohapo. Tui la nazi haliongezi wanga wa kutisha wala protini ya kutegemea. Linaongeza mafuta, basi lisiwe zito kila siku.

Tulichofanya ni kugeuza sinia. Zamani mtu alikula mahamri manne na mbaazi za kuchovya. Sasa bakuli la mbaazi za nazi ndilo mlo, na hamri ni moja, la kuchovya. Mama mkwe alinitazama siku ile ya kwanza akasema, “Mwanangu, hili hamri limekuja peke yake, wenziwe wako wapi?” Alilikula polepole kuliko nilivyowahi kumwona akila hamri. Na chai nzito ya rangi naisogeza ije baadaye kidogo, kwa sababu inapunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye mbaazi.

“Mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi.”

Wengi wetu tumelikuta. Lina dada yake: mjamzito akila mayai, mtoto atazaliwa hana nywele. Nadhani yalitungwa zama ambazo yai lilikuwa la kuuza au la kuatamiwa, na njia nyepesi ya kuuzuia mkono wa mtoto ilikuwa kumtisha. Hayana ukweli, na yamewagharimu watoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale kila siku chakula kitokanacho na wanyama, iwe nyama, samaki au mayai. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini na wanga usiofika gramu 1. Kwa kulinganisha, mtoto wa kilo 20 anahitaji kama gramu 19 za protini kwa siku nzima.

Wako pia wanaotupa kiini. Zaidi ya gramu 2 kati ya zile 6 ziko kwenye kiini, pamoja na vitamini A na D. Kuhusu lehemu, yaani kolesteroli, mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 2015 uliondoa ule ukomo wa zamani wa miligramu 300 kwa siku. Kwa watu wengi wenye afya yai moja kwa siku halina shida. Mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo amuulize daktari wake idadi inayomfaa. Na njano iliyokolea ya yai la kienyeji inatokana na alichookota kuku. Protini haijali rangi hiyo.

Mwanangu yule mdogo wa miaka 5 hakutaka yai la kuchemsha wala la kukaanga. Niliyapigapiga mayai mawili na chumvi kidogo, nikayamwaga membamba kwenye kikaango cha chapati, nikayakunja kama tunavyokunja chapati. Hakuna mchuzi uliogusa chochote. Akala. Yeye anaiita “chapati ya njano”, nasi tumeliacha liwe jina lake.

“Samaki ni wa mchana.”

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mji huu una bahari mlangoni na sisi tunaamka tukiifuata ngano. Ukiwahi asubuhi pale Deep Sea, wanakoshusha samaki, unapata vibua wabichi, na gramu 100 za nyama yake zina karibu gramu 20 za protini, wanga hakuna. Tatizo la nyumba yetu halikuwa samaki, lilikuwa shombo, miba na macho. Vyote vitatu vina dawa, na dawa yake inafanyika usiku.

Nachemsha vibua nusu kilo kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, maji machache. Wakipoa natoa ngozi na miba kwa vidole, taratibu, narudia mara ya pili kwa ajili ya watoto. Nachanganya na kitunguu kilichokatwa vidogo, pilipili manga, yai moja na kiazi mviringo kimoja tu kilichopondwa. Kiazi hicho ni cha kushikiza, kikizidi umerudi kwenye wanga. Nafinyanga katlesi, nazifunika, zinalala kwenye friji. Asubuhi nazichovya kwenye yai na kuzikaanga kwa mafuta machache, dakika nne hivi. Kotmiri naitia kwenye nusu ya mchanganyiko, nusu nyingine ni ya binti wa vijani. Mume wangu, aliyekuwa hataki harufu, sasa huuliza kama zimebaki.

Dagaa wakavu nao wasidharauliwe. Karibu nusu ya uzito wao, au zaidi, ni protini, na kwa kuwa wanaliwa na miba yao wanatupa kalisi nyingi. Nawakaanga wakauke kabisa, nawanyunyizia ndimu. Kwa mtoto anayekataa vitu laini laini, ule mkwaruzo wa dagaa mdomoni ndio unaompendeza.

“Nguvu ya supu iko kwenye maji yake.”

Wanaume wanaokunywa supu ya pweza asubuhi wataniwia radhi. Maji yana ladha, chumvi na kidogo kilichochujuka. Protini imebaki kwenye pweza, ambaye akishaiva ana takribani gramu 30 kwa kila gramu 100. Kumpa mtoto maji ya supu huku wakubwa wakila minofu ni kumnyima kile kilichokusudiwa.

“Uji wa nafaka nyingi una nguvu nyingi.”

Mahindi, ulezi, mtama, mchele na ngano vikisagwa pamoja bado ni wanga juu ya wanga. Kikombe cha uji kinachotumia gramu 30 za unga hupata protini kama gramu 2 au 3. Kibaya zaidi ni kusaga karanga na soya mbichi humohumo. Soya isiyopitishwa kwenye moto vya kutosha ina kemikali inayozuia mwili kumeng'enya protini. Karanga zilizosagwa na kukaa huchacha, na zikiwa na ukungu zina sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu kwenye mahindi, basi si jambo la kubeza.

Mimi nasaga nafaka moja, napika uji kwa maziwa badala ya maji, na karanga nilizozichambua mwenyewe nazitia siku hiyohiyo. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8 za protini na kama 12 za wanga. Mtindi nao ni rafiki mkubwa. Mkoa wetu ni wa ng'ombe wa maziwa, hata kiwanda cha Tanga Fresh kiko hapahapa mjini. Chukua ule usiotiwa sukari, uufunge kwenye kitambaa safi, uuninginize kwenye friji usiku kucha. Maji yakishadondoka, kinachobaki ni kizito, na kila kijiko kina protini nyingi kuliko mwanzo. Vipande vichache vya embe juu yake, na mtoto anadhani ni sikukuu.

“Soseji ni protini ya haraka.” Ina protini, ndiyo, na chumvi nyingi, na mara nyingine wanga wa kujazia. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka nyama iliyosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Si ya kila siku.

“Parachichi lina protini.” Gramu 2 katika 100. Yanayoshuka kutoka Lushoto ni matamu na wanga wake mwingi ni nyuzinyuzi, ila yaweke pembeni ya yai, yasichukue nafasi ya yai.

“Kinachomdhuru bibi kinawadhuru na wajukuu.”

Hapana. Watoto wanaokua wanahitaji wanga; kiwango kinachopendekezwa kuanzia mwaka 1 ni angalau gramu 130 kwa siku. Mlo wa kuondoa wanga karibu wote ulianza kutumika miaka ya 1920 kutibu kifafa, na mtoto huwekwa kwenye mlo huo chini ya daktari. Wanangu wanapata hamri lao, kiazi chao na tunda lao. Wanachopunguziwa ni sukari.

Kwa upande wa bibi kuna hatari ya kinyume. Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kisukari aina ya glibenklamaidi akipunguza wanga ghafla bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Mama mkwe wangu alirudi kliniki kwanza, dozi ikapangwa upya, ndipo tukaendelea. Mwenye tatizo la figo naye asiongeze protini kabla hajaongea na daktari wake.

“Mtoto anayechagua chakula anadeka. Mnyime, atakula.”

Hili linaniuma, kwa sababu nililifanya. Nilimwacha mdogo aende shule na njaa siku mbili, kisha nikajuta. Kuogopa chakula kigeni ni sehemu ya ukuaji, na hupamba moto kati ya miaka 2 na 6. Mara nyingi inachukua mara 8 hadi 15 za kuonyeshwa na kuonja kitu kilekile kabla mtoto hajakikubali, na kumlazimisha huongeza chuki. Kinachosaidia ni kipande kidogo, bila maneno, kando ya kitu anachokipenda, huku anawaona wakubwa wakila.

Basi kila asubuhi kwenye sahani yake kuna “chapati ya njano”, na pembeni katlesi ndogo kama sarafu, kavu, haijagusana na kitu. Juzi aliinusa. Jana aliipasua katikati, akaangalia ndani, akairudisha. Bibi yake hakusema neno, alisogeza tu sahani yake karibu akaendelea kula ya kwake.