Amebakwa au anamsingizia? Maswali tunayoulizwa sana hapa Tanga

Swali: Binti akisema amebakwa, huku Ngamiani watu wanauliza kwanza "asije akawa anamsingizia mtu wa watu". Kuna ubaya gani kuuliza?

Kuuliza kuna mahali pake, ni polisi na mahakamani. Barazani hakuna wa kupima ushahidi, na wakati mnabishana saa zinakwenda. Dawa za kuzuia VVU, PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, mapema ndo bora, zinamezwa siku 28, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba mwisho siku 5. Sasa mkishinda na "alikuwa kavaa nini, alifuata nini kule usiku" mpaka siku ya tatu inaisha, mtoto wa watu mshamkosesha dawa. Mwambieni pole, twende hospitali ya Bombo. Na jamani yale maji ya moto ambayo wamama wanachemsha ili aoge kwanza, naelewa ni huruma, lakini yanaweza kuosha ushahidi, nguo nazo msifue, zikunjeni kwenye karatasi au khanga safi maana kwenye mfuko wa plastiki zinavunda.

Swali: Lakini kusingiziwa si kupo?

Kupo, na anayesingiziwa anaumia kweli, anaweza hata kupigwa na watu wenye hasira kabla hajasikilizwa. Ndo maana kabla ya hukumu tuseme mtuhumiwa, tusimuite mbakaji. Ila tafiti kadhaa za Marekani na Ulaya zilipopitia mafaili ya kesi za ubakaji, zilizoonekana ni za uongo zilikuwa kama 2 mpaka 10 katika kila 100. Watu wanachanganya hapa, kesi ikikosa ushahidi au familia zikamalizana kimyakimya wanasema "mnaona, alidanganya", wakati hakuna aliyethibitisha hivyo.

Swali: Daktari hakuona mchubuko wowote, si jibu hilo?

Hapana. Wengi waliobakwa hawakutwi na jeraha. Hofu ikizidi mwili unaganda, mtu hapigani na sauti haitoki, na akihadithia baadae anaruka ruka, hilo nalo si dalili ya uongo. Kupima bikira ndo kabisa hakuthibitishi kitu, Shirika la Afya Duniani lilishasema 2018 kuachwe.

Swali: Mimi ni nesi, niandike vipi?

Andika alivyosema mwenyewe: "anasema aliingiliwa kwa nguvu". Usiandike "anajidai kabakwa", wala "hakubakwa", hiyo si kazi yako. Andika ulichokiona, mchubuko uko wapi, rangi gani, ukubwa gani, saa ngapi umempokea. Na usimrudishe mlangoni eti hana PF3, ile fomu ya polisi, mtibu, fomu itafuata.

Swali: Akiwa mtoto je?

Haraka hiyo hiyo, hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, ni bure.