Rais hawezi kuvunja Bunge apendavyo

Barazani Mkunguni, Lamu, wabunge wakikorofishana na serikali hakosi mtu wa kusema: "Rais akichoka nao, atavunja Bunge." Sivyo, na mpiga kura anapaswa kulijua hili vizuri.

Imani hiyo ina chanzo cha kweli. Katiba ya zamani ya Kenya ilimpa Rais uwezo wa kulivunja Bunge wakati wowote. Mwaka 1983 Rais Moi aliitisha uchaguzi kabla ya muda. Katiba ya 2010 ilimnyang'anya Rais uwezo huo. Muhula wa Bunge sasa hukoma siku ya uchaguzi mkuu unaofuata.

Umebaki mlango mmoja, nao ni mwembamba: Kifungu cha 261. Bunge likikosa kutunga sheria ilizodai Katiba, hata baada ya amri ya mahakama, Jaji Mkuu humshauri Rais alivunje. Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alimshauri hivyo Rais Uhuru Kenyatta, kwa sababu ya sheria ya uwakilishi wa jinsia. Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo, na Bunge likamaliza muhula wake.

Kwa hiyo mbunge wa Lamu anayeipinga serikali asitishwe na maneno hayo. Rais hana ruhusa ya kulivunja Bunge kwa sababu limemkatalia.