Objekti na jedwali: programu ya hifadhidata ya mezani inavyosukwa

Programu ya hifadhidata ya mezani husakinishwa kwenye kompyuta, huonyesha madirisha yenye fomu na vitufe, na hutunza kumbukumbu zake katika hifadhidata, ambayo yaweza kuwa faili moja tu ndani ya diski ya kompyuta hiyohiyo. Duka la dawa za mifugo ni mahali pake hasa: muuzaji anataka kujua chupa ngapi zimebaki na ipi imepitwa na muda, intaneti iwepo isiwepo.

Kuisuka kwa mtindo wa objekti ni kuanza na vitu vyenyewe vya dukani. Unaandika klasi iitwayo Dawa, yaani kielelezo kinachosema kwamba kila dawa ina jina, bei, idadi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kila dawa inayoundwa kutokana na kielelezo hicho ni objekti. Klasi hubeba pia kazi zake, na hapa ndipo penye faida yote. Kazi ya kuuza, iliyoandikwa ndani ya Dawa, hukataa dawa iliyopitwa na muda na hukataa kutoa chupa sita pale zilipobaki nne. Idadi yenyewe hufichwa, fomu yoyote isiweze kuigusa bila kupitia kazi hiyo. Ukiongeza baadaye dirisha la mauzo ya jumla, nalo linabanwa na sheria zilezile.

Zana kama Delphi, iliyotoka mwaka 1995, zilirahisisha sana kuburuta vitufe na kuviunganisha na hifadhidata. Wepesi huo humvuta anayejifunza aandike sheria za duka ndani ya kitufe cha kuhifadhi. Fomu zikifika tatu, kila moja ina sheria zake.

Ugumu halisi uko kwenye kuhifadhi. Objekti zilianzia Norway, katika lugha ya Simula 67 ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliokuwa wakiigiza mifumo halisi kwenye kompyuta. Majedwali yanayohusiana aliyaeleza Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, akijengea juu ya hisabati ya seti. Asili ni mbili, na maumbo hayalingani. Objekti ya Uuzaji hushika ndani yake orodha nzima ya dawa alizonunua mteja. Jedwali halikuundwa kubeba orodha ndani ya kisanduku kimoja. Basi unatenga majedwali mawili, la mauzo na la bidhaa zilizouzwa, na kila mstari wa la pili hubeba namba ya uuzaji wake. Kazi ya kutafsiri huku na huko ipe klasi moja ya pembeni, hiyo peke yake ndiyo ijue SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata. Zipo maktaba, yaani mafungu ya msimbo uliokwisha kuandikwa, zinazofanya hivyo zenyewe, kama Hibernate kwa lugha ya Java, lakini andika kwa mkono kwanza, ili maktaba ikigoma ujue pa kutazama.

Katika klasi hiyo usiunge kamwe maneno ya mtumiaji moja kwa moja kwenye amri ya SQL. Muuzaji akiandika "Dawa ya minyoo ya ng'ombe", ritifaa ya ng'ombe hudhaniwa kuwa mwisho wa maandishi, "ombe" ikabaki ikining'inia na amri ikakataliwa. Mwenye nia mbaya hupenya kwenye mwanya huohuo. Mahali pa jina weka alama ya kushika nafasi yake, kama ile ya kuuliza, kisha peleka jina kando kama kigezo.

Kupunguza idadi na kuandika mauzo navyo vifungwe katika muamala mmoja, ama vyote vifanyike, ama hata kimoja kisifanyike. Umeme ukikatika katikati, SQLite, hifadhidata ya aina ile ya faili moja, hurudisha hali ya mwanzo faili linapofunguliwa tena. Jaribu: izime programu kwa nguvu kabla muamala haujathibitishwa, ifungue, kisha uhesabu chupa.