VPN kwenye ruta ya nyumbani: kufungua poti pekee hakutoshi

Haya ndiyo madai ya wanaoweka VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa nje, kwenye ruta, na kuifungulia poti (mlango wenye namba wa kupitishia data).

"Poti nimefungua, VPN haiungi, kwa hiyo ruta ni mbovu."

Ruta haina kosa. Kabla ya kugusa poti yoyote, ingia kwenye ruta, sehemu ya WAN (upande wa intaneti), usome anwani ya IP iliyoandikwa pale. Kisha, ukiwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako. Zikilingana, endelea. Zikitofautiana, simama hapo hapo: ruta yako haina anwani ya umma.

WAN ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amekuweka nyuma ya CGNAT. Wateja wengi mnachangia anwani moja ya nje, na poti uliyofungua inaishia kwenye ruta yako. Mlango wa barabarani ni wa mtoa huduma. Ikianza na 192.168, mara nyingi kuna modemu iliyotangulia ruta yako nayo inafanya NAT (kuweka vifaa vingi nyuma ya anwani moja). Iweke katika hali ya daraja (bridge) ili iache kufanya NAT, au uifungulie poti ile ile kuelekea kwenye ruta.

Na tafadhali, DDNS, huduma ya jina linaloelekeza kwenye anwani yako, si dawa ya CGNAT! Kazi yake ni kufuatilia anwani inayobadilika, haikupi anwani usiyokuwa nayo. Omba anwani ya umma kwa mtoa huduma; hata ikiwa ya kubadilika-badilika si neno, hapo ndipo DDNS inapofaa. Ukikataliwa, kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, ruta ndiyo ianzishe muunganisho kwenda kwenye seva hiyo. Kwa WireGuard, aina mojawapo ya VPN, weka PersistentKeepalive = 25 upande wa ruta, la sivyo muunganisho ukikaa kimya NAT itausahau na hutaingia tena kutoka nje.

"Kipima poti kinasema imefungwa."

Vipimaji vingi hupima TCP, njia moja ya kusafirisha data. WireGuard hutumia UDP, njia nyingine, kwa kawaida poti 51820, na haijibu kabisa pakiti isiyo na ufunguo sahihi. Zima Wi-Fi ya simu, jiunge kwa data, halafu tazama kwenye ruta kama muda wa handshake (kutambuana kwa pande mbili) ya mwisho umebadilika.

"VPN ya nyumbani itanificha mtandaoni."

Kwa mwenye Wi-Fi ya hotelini, ndiyo. Tovuti zitaona anwani ya nyumbani kwako.

"PPTP, ile VPN ya zamani, inatosha, ni rahisi."

MS-CHAPv2, njia ya kuthibitisha nenosiri inayoilinda, ilivunjwa hadharani mwaka 2012. Izime leo.

"Imeunga ila printa siioni, VPN imegoma."

Nyumbani ni 192.168.1.0/24 (yaani anwani 192.168.1.0 hadi 192.168.1.255), na huko uliko pia ni 192.168.1.0/24. Kompyuta inaitafuta printa hapo hapo ulipo. Badilisha ya nyumbani iwe, tuseme, 192.168.87.0/24, na ufanye hivyo kabla ya kuweka VPN, maana kila kamera na printa uliyoipa anwani ya kudumu itabidi uirekebishe.

"Nalipia Mbps 100, mbona nikiwa nje inakokota?"

Mara nyingi hizo 100 ni za kupakua. Ukiwa nje, kila unachokivuta kutoka nyumbani kinapita kwenye kasi ya kupakia ya nyumbani. Ikiwa ni 10, huwezi kupata zaidi ya 10.